Rangi Isiyotoka kwa Kope

Jumapili, 4 Februari 2018
Mungu nisamehe. Leo asubuhi nimemshika mke wangu Felicitas kichwa, nikamsugua macho na kitambaa cha maji. Kope zake ziko zambarau. Wazee wenzangu wa kanisa wananicheka, ati bibi yangu anajipaka rangi kama wasichana wa Embu mjini. Nimesugua mpaka akalia. Rangi haikutoka! Na bado nikaenda kusema atolewe kwaya. Wakamtoa.

Alhamisi, 15 Februari
Hawezi kuinua mikono achane nywele. Kuchuma chai, kikapu kinamshinda. Na mimi nilikuwa namwita mvivu. Leo daktari huko Embu amemwangalia kope, vidole, mapaja. Akamtuma kwa dirisha ya dawa, mimi akanibakisha. Ati hii ni ugonjwa ya misuli na ngozi, na wakati mwingine inatembea pamoja na kansa ya damu na tezi. Tembe zitampa nguvu, lakini nguvu isitudanganye — apimwe damu na shingo mwezi huu huu. Akanipa barua ya vipimo nimpe Felicitas.
Sijampa. Nikiitoa, kanisa nzima itajua nilishtaki mgonjwa.

Jumatatu, 19 Machi
Leo amechuma chai! Kilo kumi na moja. Barua bado iko ndani ya koti. Nimejiambia Mungu amefunga hiyo maneno.

Jumatano, 9 Mei
Uvimbe kwa shingo. Mbili, kama njugu za makadamia. Anatoa jasho mpaka shuka inalowa. Nguo inamzidi. Mimi mwenyewe sili.

Ijumaa, 11 Mei
Naandika kwa benchi ya hospitali. Daktari ni yule yule. Ameshika uvimbe. Halafu akauliza vipimo vya Februari viko wapi. Mimi nikaangalia viatu.
Felicitas akamjibu na heshima: "Daktari, labda mlisahau kutuambia. Bwana yangu, Baba Karwirwa, hawezi kusahau kitu yangu."
Daktari akaniangalia tu. Akaingia naye ndani, wakate kipande cha uvimbe kipelekwe maabara.
Nimetoa barua kwa koti. Nimeikunja. Nimeikunjua. Imechakaa kwa mikunjo lakini jina lake linasomeka.
Mlango umefunguka. Amefungwa bandeji shingoni. Kitambaa cha kichwa kimeteleza na mikono haifiki. Ananiita nije nimfungie —
mikono miwili inahitajika, na moja iko na barua