Kachuma kenye kuzunguka

Bunia, siku ya ine, mwezi wa kumi na moja. Mvua tangu asubuhi.

Mvua inapiga bashi, turubai ya juu ya nyumba, sawa mutu mwenye kutupa mahindi. Maji imeingia upande wa kulala, tumeweka sahani na sufuria, na Imani binti yangu anamwaga nje kila mara bila kuniangalia.

Yeye njo alinifungulia huu ukurasa mu telefone. Alisema, "Mama, weye unasema peke yako sana, heri uandike." Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu. Basi ninaandika vile ninasema, mutanivumilia.

Leo nimemuumiza mama mukwe wangu mbele ya watu. Nimemuumiza pahali hakuna dawa.

Acha nieleze pole pole, labda nikieleza moyo utatulia.

Siye ni watu wa ziwa. Vita ilitutoa Tchomia, tukapanda mulima na miguu, tukafika hapa ku site, kambi ya watu wa kukimbia vita. Mu nyumba yetu ya bashi tuko wanne: mimi, Baba Imani bwana yangu, Imani, na mama mukwe. Jeremi, mudogo wa bwana yangu, alikuwa na kibanda yake pembeni yetu. Hakuoa bado. Chakula ikikosa hapa, wanaume wanateremuka ziwani siku chache, wanavua, wanarudia na samaki. Kila mara wanateremuka, ninahesabu siku mupaka wanarudi. Sijazoea. Sitazoea.

Nyavu zetu zilichomwa na nyumba. Tumebakia na uzi mwembamba wa nailoni, ndoano ndogo, kauzito kadogo, na kasamaki kazima ka kudanganyia, chambo yetu. Kapiteni, ule samaki mukubwa wa pembeni ya matete, ni mwoga, ukimuletea uzi munene anakimbia. Lakini uzi mwembamba uko na ubaya yake: unajisokota. Unavuta kasamaki mu maji, kanazunguka, uzi unazunguka nako. Unavuta tena, inaongezeka. Mwisho ukilegeza kidogo tu, uzi unaruka, unajikunja, unajifunga wenyewe, sawa nywele ya mutoto ambaye hakuna mutu anamuchana.

Kazi ya nyuzi ni yangu tangu niliolewa. Siwezi kulaza bobini yenye kubeba uzi mupya chini na kuvuta uzi kwa ubavu, juu hapo unauingizia musokoto mbele hata haujaona maji. Ninapitisha kijiti katikati ya bobini, Imani anashika kijiti mbavu zote mbili, bobini inazunguka yenyewe, na mimi ninageuza kibao ya kukunjia, ninakunja. Ninawaambia wanaume: ndoano ipite mu midomo ya kasamaki katikati kabisa, kaogelee sawa, kasizunguke. Na juu ya ndoano, urefu wa mukono, ninafunga kachuma.

Kachuma ni kadogo sawa punje ya muchele. Kana tundu huku na tundu huku, na katikati kanazunguka. Kasamaki kazunguke vile kanataka, musokoto unaishia pale ku kachuma, haupandi ku uzi.

Tulikuwa na kamoja tu. Nilikafunga ku uzi wa Jeremi, juu mukono wake ulikuwa mwepesi kupita wa wote. Baba Imani alikuwa anasaidia rafiki yake na wavu, mu pirogi ingine, mutumbwi ya pembeni.

Juma iliyopita waliteremuka. Baba Imani njo aliniambia vile ilikuwa, aliniambia mara moja tu, uso ku ukuta.

Walisikia motere ya mutumbwi wa wenye silaha nyuma ya matete. Kila mutu akaanza kuvuta vitu yake. Uzi wa Jeremi ukaja wote fundo, kilo ya mafundo, umekamata kasia, umekamata mukono wake. Baba Imani akamupigia kelele, "Kata! Jeremi, kata!" Na Jeremi akamujibu kaka yake akicheka, "Yaya, ngoja kidogo, inafunguka! Nikikata, mama Imani atanikata mimi!"

Ile njo maneno yake ya mwisho. Jina yangu iko ndani.

Wenye silaha walimupiga risasi akiwa amekaa, kichwa ameinamisha ku mafundo. Baba Imani aliona yote kutoka mu matete, pahali alijificha, maji ku kidevu. Wale watu wakabeba samaki, wakabeba wavu, wakamuvua Jeremi viatu. Uzi wakauacha. Kwao ilikuwa takataka.

Wavuvi wenzake walimufikisha hapa na uzi bado ku vidole. Baba mukubwa, kaka wa marehemu baba mukwe, akasema mimi nifungue ile mukono, juu nimezoea mafundo.

Nilifungua kidole kwa kidole. Sikukata. Sijui kwa nini sikukata. Na nilipofika mwisho wa uzi, niliona ndoano imefungwa moja kwa moja. Kachuma hakakuwa.

Nilifikiri kameanguka mu maji, naye akafunga ndoano upya. Siku ya pili ya matanga njo nilikaona.

Kalikuwa ku shingo ya mama mukwe.

Yeye ako na musalaba mudogo wa shaba, ya zamani, ya ndoa yake. Ilikuwa inageuka kila siku, Yesu anaangalia ndani ya nguo. Alikuwa analalamika, "Munaona? Nikiinama kumuangalia, hata Yesu ananipa mugongo." Siye tulikuwa tunacheka. Jeremi alikuwa anasema, "Mama, nitakugeuzia Yeye, ngoja tu." Basi alimugeuzia. Alitoa kachuma ku uzi, akakafunga kati ya kamba na musalaba, akamuvalisha mama yake, akateremuka ziwani bila kachuma. Alifikiri labda safari moja haiwezi kuharibu. Nayo musalaba ikatulia, uso mbele.

Nilinyamaza. Nilisema moyoni: mama amefiwa, utamwambia nini?

Lakini yeye hakunyamaza.

Tangu siku ile anaimba wimbo moja tu: uzi wa mama Imani uliuwa mutoto wangu. Ku foleni ya maji anasema. Ku kanisa anasema. Majirani wananiangalia mikono. Bibi moja aliyekuwa ananiletea nguo za kushona alikuja kuzibeba, akasema mvua inakuja. Jua ilikuwa inawaka.

Leo familia ilikaa. Walitubana wote mu kibanda ya baba mukubwa, magoti kwa magoti, mvua juu. Mama mukwe alisimama, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

"Huyu mwanamuke," alisema, "miaka yote mu nyumba yangu amenizalia mutoto moja. Na moja ameniulia. Hesabu yake imetimia. Arudie kwao."

Kuna mutu alicheka nyuma. Mu matanga, mutu alicheka!

Baba mukubwa akasema maneno iko tayari: nitaenda ku kaka yangu Mongbwalu, kule anachimba dhahabu. Imani atabakia, ni mutoto wa familia.

Niliangalia Baba Imani. Yeye anajua uzi wangu. Yeye alisikia ile "inafunguka". Alikuwa anakwaruza matope ku kiatu na kijiti, anakwaruza, anakwaruza. Mbele ya mama yake huyu mwanaume anakuwa mutoto wa kunyonya.

Na Imani alinishika nguo nyuma, vile alikuwa ananishika siku ya kukimbia.

"Mama Imani, uko na neno?" baba mukubwa akauliza, sawa mutu mwenye kufunga mulango.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana.

Nilisimama. Nikaenda mupaka mbele ya mama mukwe. "Mama," nikasema, "hii kachuma ya ku musalaba, alikupa nani?"

"Mutoto wangu alinipa! Unataka uninyang'anye hata hii?"

"Alikatoa wapi?"

Akageukia baba mukubwa.

Basi nilinyoosha kidole, nikapiga musalaba yake ku kifua, mukono wangu juu ya mutu wa matanga, nikaizungusha kwa nguvu. Ikazunguka mbio mbio, na kamba juu ilitulia tuli. Watu wote waliona. Kisha nikatoa uzi wa Jeremi mu mufuko, nikafunga kijiko ku mwisho wake, bila kachuma katikati. Nikazungusha kijiko, nikazungusha tena na tena, nikalegeza. Uzi ukaruka, ukajifunga fundo mbele ya macho yake, kubwa sawa yai.

Nikasema, "Kuzuia hii fundo njo kazi ya kachuma, mama. Ilikuwa ku uzi. Sasa iko ku shingo yako."

Ningeweza kuishia pale. Sikuishia.

Nikasema, "Yesu amekugeukia, mama. Umefurahi?"

Hakulia. Ningependa angelia. Aliangalia kile kijiko kikining'inia, kisha akaweka mukono ku kifua akafunika musalaba, pole, sawa mutu mwenye kuficha uchi. Akakaa chini mu matope. Hakuna mutu alimushika. Hata Baba Imani, mutoto wake, hakumushika. Wale waliokuwa wananiangalia mimi, wakaanza kumuangalia yeye, na ile macho ninaijua, juma nzima ilikuwa yangu.

Baba mukubwa akakohoa. "Basi," akasema, "maneno imekwisha. Mama Imani anabakia na mutoto wake." Wakatoka moja moja, wamefunika vichwa na mifuko.

Nimeshinda. Imani ni wangu.

Na nitaandika ukweli, juu hapa hakuna mutu ananiona uso: wakati alikaa chini mu matope, nilisikia raha. Raha ya kweli, sawa mutu mwenye njaa akilamba chumvi. Ilidumu mupaka nilipofika ku mulango wetu.

Kisha nikakumbuka vile alinipokea nikiwa musichana, akaniogesha na maji ya moto siku nilimuzaa Imani, akanifunga tumbo na kitenge yake mwenyewe. Mimba zingine ambazo hazikukaa tumboni, yeye njo alizizika, na hakuniuliza kitu. Leo tu njo alizihesabu.

Jeremi alikufa juu ya kumupenda mama yake. Ningemuachia hii moja, asijue. Lakini wangeninyang'anya Imani. Ninageuza maneno huku na huku, inazunguka, na haiko na pahali ya kuishia.

Imani hakunishukuru. Aliniuliza tu, "Mama, kwa nini ulimugusa?"

Nikamutuma na sufuria ya maji.

Saa hii mvua imepungua. Baba Imani anatengeneza mufuko wake. Ile rafiki yake hana wavu tena, basi kesho atateremuka na uzi wa Jeremi. Nilimwambia asiende. Akasema, "Tutakula nini, maneno yako?" Ile njo mara ya kwanza amesema na mimi leo.

Nilikuwa nimekaa ku mulango ninanyoosha ule uzi, ninautoa musokoto na vidole, urefu kwa urefu, ninaogopa. Bila kachuma utajifunga tena. Ninajua utajifunga. Nilikuwa ninafikiri nikunje pini ya nguo, lakini pini haizunguki.

Mama mukwe akaja nyuma yangu. Hakusalimia. Kamba ya shingo alikuwa amekata na meno, mate ilikuwa bado ku ncha. Akafungua kiganja, akaangusha kachuma mu mapaja yangu.

"Funga," akasema.

"Mama..."

"Usiniite. Funga, nione."

Nilifunga. Fundo ya kwanza ikatoka, fundo ya pili ikatoka, nami ninafunga mafundo tangu miaka yote. Alisimama juu yangu mupaka nikamaliza. Akainama, akavuta uzi na nguvu zake zote za kizee, akauvuta tena. Ukashika. Akapiga ndoano na kidole, vile mimi nilimupiga musalaba. Ndoano ikazunguka, uzi ukatulia.

Akaangalia mupaka ndoano iliposimama.

"Huyu mutoto wangu moja njo amebakia," akasema. "Na huyu akikosa kurudi, mama Imani, sitahitaji familia kukaa. Nitakufukuza mimi mwenyewe na hii mikono."

"Sawa, mama," nikasema.

Ameingia kulala, na jua bado iko. Musalaba ameifunga na kauzi ka gunia. Nimemuchungulia sasa hivi: imegeuka tena, uso ndani.

Baba Imani akirudi siku ya Mungu, Jumapili, na samaki, nitampikia mama sahani ya kwanza, kichwa cha kapiteni, vile anapenda, na ndizi. Nitaiweka mbele yake na mikono yangu miwili.

Atakula?