Amani Hatoi Tena Pasi za Kushoto

Jumatano, 2 Aprili

Mazoezi asubuhi. Uwanja bado una maji, tumebanana upande wa goli la juu. Wawili wameumia misuli. Wengine wamechelewa kama kawaida.

Kocha Ssali anataka mimi, msaidizi wake, nitoe tathmini ya Amani kabla viongozi hawajakaa. Huu ni msimu wake wa kwanza ligi kuu. Wanataka kujua kama wamwongezee mkataba au wamuuze. Kuna wakala anakuja kumtazama Jumamosi ya wiki ijayo.

Nimeanza kufikiria. Miaka kumi na tisa. Kiungo. Alianza msimu benchi, anaogopa hata kuomba maji. Alipoingia hakutoka tena. Anaona nafasi kabla haijafunguka. Mwili bado mwembamba. Akipokonywa mpira anazubaa badala ya kukaba. Akila vizuri na asiharakishwe, atafika mbali.

Mwezi uliopita ningesema hayo bila wasiwasi. Tangu agongane na kipa kwenye ile mechi ya ugenini, akala kiwiko cha uso, si yule tena. Sijui kwa nini. Sipendi kutojua.

Jumamosi, 5 Aprili

Sare. Mchezo mbaya. Kizza, winga wetu wa kushoto, yuko peke yake, mikono juu, mechi nzima. Amani hakumpa hata mpira mmoja. Mashabiki wamemtukana. Wamemwambia arudi Kongo. Alisikia. Niliona shingo yake ikikakamaa.

Kwenye basi Ssali amesema, "Hii kijana kichwa imekuwa kubwa. Amesikia wakala anakuja."

Wenye majivuno nimewafundisha wengi. Huyu anageuza kichwa kizima kila akipokea mpira, kama mtu aliyeitwa na hajui ameitwa kutoka wapi.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya mapumziko. Nimekaa nyumbani Ntinda na video za mechi kwenye simu. Nimemtazama yeye tu. Kabla ya kile kiwiko, pasi zinakwenda pande zote. Baada yake ni kulia, nyuma, kulia, kulia. Kuna mahali beki anamjia kutoka kushoto, Amani hashtuki mpaka anaguswa. Kipande hicho nimekirudia mara nyingi.

Hofu imeniingia. Chai imepoa, sikuinywa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemjaribu. Baada ya mazoezi alikuwa amekaa kwenye nyasi anafungua viatu. Nimesimama kushoto kwake, nikamrushia mpira polepole. Umempiga begani. Amecheka. Amesema jua lilimpiga machoni.

Mawingu tangu asubuhi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwao Bukoto. Mama yake, Mama Furaha, anashona vitenge mbele ya nyumba. Amenipokea vizuri mpaka nimeona aibu. Kanisani ameshawaambia watu kwamba mwanawe anaondoka kwenda kucheza ng'ambo. Amenionyesha koti zito alilomshonea kwa ajili ya baridi ya huko. Huko wapi, hakuna anayejua bado.

Amani amenisindikiza hadi barabarani. Nimemuuliza waziwazi. Amesema taratibu, "Afande, jicho la kushoto iko na pazia. Kwanza niliona vimulimuli. Sasa pazia inakuja tu, kila siku kidogo."

Na baadaye: "Usiseme mpaka Jumamosi ipite. Nakuomba."

Wachezaji wote huniita Afande, kwa kuwa niliichezea timu ya polisi na magwanda nikayavaa. Leo jina hilo limekuwa zito.

Sikumwahidi. Sikumkatalia pia. Naogopa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia Apio. Tulikulia kambi moja ya polisi, sasa ni muuguzi wa macho. Hakuniacha nimalize. Utando wa ndani ya jicho unabanduka, amesema. Mpira mmoja wa kichwa unaweza kuumalizia. Aletwe leo, si kesho.

Nimemwambia Amani twende hospitali hapohapo. Amepanda bodaboda akaondoka bila kuniangalia.

Nimemwambia Ssali, sisi wawili tu, nyuma ya jukwaa. Amekaa chini kwenye ngazi. Hakubisha. Viongozi wamemwambia akifungwa kesho, kazi imekwisha. "Kesho tu, Akello," amesema. "Jumatatu mimi mwenyewe nampeleka." Sote wawili tunaogopa, ila kila mtu na lake.

Nikimzuia Amani, nafukuzwa. Nisipomzuia, halafu? Simu kwa Amani haipokelewi. Nimepiga, nimepiga.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefika Bukoto mapema. Amani alikuwa ameshatoka. Nimemwambia Mama Furaha yote, nimesimama mlangoni, sikuweza kukaa. Ameacha nguo chini ya sindano ya cherehani. Amejifunga kitenge kingine juu ya kile alichovaa. Tumepanda bodaboda moja.

Mlinzi wa chumba cha kubadilishia nguo ananijua, ametupisha. Wachezaji wamejifunika haraka. Amani alikuwa tayari na jezi. Mama yake hakupaza sauti. Amemfunika jicho la kulia kwa kiganja, akainua mkono wa pili pembeni.

"Vidole ngapi?"

Amani amekisia viwili. Mkono ulikuwa umefumbwa.

"Nilimutoa Goma na macho yake mbili," Mama Furaha amemwambia Ssali. Basi.

Ssali ametazama ukuta. Halafu amemwambia Kizza acheze katikati.

Amani amenipita mlangoni. "Umeniua, Afande."

Tumefungwa. Nimepata habari hospitalini, kwenye redio ya mtu.

Jumapili, 13 Aprili

Daktari hana maneno mengi. Utando umebanduka karibu hadi katikati ya jicho. Upasuaji kesho. Ukifanikiwa ataona kitu, kiasi gani hajui. Nimemuuliza ingekuwaje kama angecheza jana. Ametikisa kichwa akaendelea kuandika.

Mama Furaha anasali chinichini. Amani amegeukia ukuta. Nimekaa kwenye korido.

Jumatano, 16 Aprili

Amefanyiwa upasuaji. Lazima alale kifudifudi siku nzima, uso kwenye mto. Hasemi na mimi. Nikiingia anamwambia mama yake anipe kiti, basi.

Ssali amekuja na matunda. Amesimama mlangoni, ameyaweka chini, ameondoka. Hawajamfukuza. Mimi ndiye niliyeambiwa nipumzike kwanza. Mpaka lini hawakusema.

Nilidhani hofu ingeisha nikishasema. Imebadilika tu. Sasa naogopa kwamba nilichelewa kusema.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Wodi imejaa wageni na vyakula. Wametoa bandeji kumkagua. Anaona mwanga. Mkono ukipita anaona kivuli. Vidole, hapana.

Daktari anasema tusubiri. Amani amesema kwa sauti kubwa, kwa daktari, si kwangu, "Na nikisubiri ibaki hivihivi?"

Nimetoka nje nikalia karibu na bomba la maji.

Jumanne, 6 Mei

Mama Furaha amepiga simu. Amani ameona maua ya pazia la dirishani kwa jicho lile. Hajaona rangi vizuri, lakini ameyaona. Nimemwambia arudie. Amerudia.

Jumamosi, 17 Mei

Ligi imekwisha. Viongozi wameniita. Tathmini bado wanaitaka, eti taratibu ni taratibu.

Nimewaambia hivi. Msimu wake wa kwanza ni mzuri kuliko wa kijana yeyote niliyemfundisha, hadi siku ya kiwiko. Baada ya hapo alikuwa anacheza na nusu ya uwanja na bado hatukumtoa. Sasa kwa jicho lile anasoma herufi kubwa za kupimia macho. Daktari amekataza mipira ya kichwa na kugongana kwa muda mrefu, labda maisha yake yote.

"Kwa hiyo ni hapana," mmoja amesema.

Nimesema mimi sijasema hapana. Nimesema sijui.

Hawakumwongezea mkataba. Mimi wamenirudisha, lakini kwa timu ya watoto. Nimekubali. Sikuwashukuru.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua asubuhi, kisha jua. Nimepeleka mkungu wa matooke Bukoto. Mama Furaha alikuwa ameishiwa uzi mweusi. Amemtuma Amani Ntinda, akanitazama mimi.

Tumekwenda kwa miguu. Njia nzima hakusema neno.

Kwenye makutano magari yamesongamana, bodaboda zinapenya popote. Amesimama ukingoni. Ameweka mguu barabarani, pikipiki ikapita karibu, ameurudisha. Akajaribu tena. Nimeiacha mikono yangu mfukoni.

Halafu ameshika mkono wa shati langu.

Tumevuka. Upande wa pili palikuwa na nafasi ya kutosha, njia pana, hakuna gari. Hakuachia. Tumetembea hivyo hadi dukani.