Kanda ya Baba

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ni magoti ya Mama tu yanayomsumbua.

Ile stesheni ya televisheni ya kebo aliyoitangazia Baba mpira tangu inafunguliwa imetimiza miaka kumi. Walikuja nyumbani, eti wanatengeneza kipindi cha historia yao na hawana hata mechi moja ya zamani. Wataipata wapi, na kila kanda walikuwa wakiifuta ili warekodi habari za kesho yake? Wakaazima kanda ya kwetu, ile aliyorekodi Mama sebuleni kutoka kwenye televisheni, sauti pekee ya marehemu tuliyobaki nayo.

Kipindi kimepita, Baba hata kutajwa hakutajwa. Nikaenda kudai kanda. Fundi wao akanikabidhi bila hata aibu.

“Samahani, dada. Tulirekodia taarifa ya habari humo. Mazoea tu.”

Mazoea! Nikaitia kanda mkobani nikaondoka.

Mama sikuweza kumwambia. Jioni akaiweka kwenye deki mwenyewe, na habari zilipoanza akatunyamazisha.

“Subirini,” akasema. “Baba yenu huwa anaingia baada ya habari.”

Ni mimi dada yako, niliyeshindwa kuizima.