Tangazo la Kumi na Mbili

Plovdiv, 21 Septemba

Mama mdogo Pavlina,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika mwanzo kabisa kabla sijaogopa: sikubandika matangazo yote ya msiba wa babu. Mama alinipa kumi na mawili, yenye picha yake. Nilibandika kumi na moja: mlango wa jengo letu, kituo cha basi, duka la mikate, kanisani, kwenye miti. La kumi na mbili lilikuwa la geti la uwanja wa mbwa, ng'ambo ya reli. Bado liko mfukoni mwa koti langu.

Huku hatujambo. Mama analala kidogo lakini anakula. Natumaini wewe na bibi unayemtunza huko Italia mu wazima, na mgongo wako umepoa. Naandika kwa sababu kwenye simu mama husikia kila kitu.

Kule uwanjani hakuna anayeitwa kwa jina lake. Ukishafunga geti na kumfungua mbwa wako kamba, unakuwa mzazi wa mbwa, basi. Babu alikuwa Baba Baruti. Rafiki yake, mzee mrefu mwenye mbwa mkubwa wa kuchungia kondoo, ni Baba Sultani. Walikaa benchi moja kila asubuhi, wakitukanana kwa raha zao.

Siku tatu kabla babu hajafariki, Sultani alimng'ata Baruti sikio. Babu akafoka, "Mfunge mdomo huyo ndama wako!" Baba Sultani naye akapandisha sauti: "Hupendi, usije! Sitaki kuiona sura yako hapa tena!" Mimi nilikuwepo, nimeshika kamba.

Nilipokwenda na tangazo nilimkuta Baba Sultani ameshasimama getini, amebeba chupa ya pilipili hoho za kuchoma.

"Babu yako yuko wapi?"

Nikashindwa, mama mdogo. Nikasema, "Magoti yanamsumbua."

"Magoti! Ananinunia huyo mzee mbishi. Mpe hizi. Mwambie nimezichoma na kuzimenya mwenyewe, kwa macho haya yasiyoona."

Kesho yake akaniuliza, "Kasemaje?"

"Kasema asante."

"Asante tu?"

"Asante tu."

Ningeweza kusema babu amemsamehe. Lakini kumtungia marehemu maneno niliona ni dhambi, ingawa uongo wa magoti ulinitoka bila shida. Sasa ameshaleta chupa ya tatu. Kila asubuhi anangoja neno kutoka kwa babu. Nikimwambia ukweli atajua alimwambia nini mara ya mwisho, na atajua nilimwacha ampikie mtu aliyekwisha kuzikwa. Nifanye nini?

Mwanao,
Zornitsa

Perugia, 6 Oktoba

Zornitsa mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ndio ule ule. Bibi ameniita mara mbili tangu nishike kalamu, kwa hiyo usishangae nikirukaruka.

Barua yako ilifika tarehe thelathini. Nimekaa nayo siku sita, na si kwa hasira. Unajua sikuja kumzika baba. Hapakuwa na wa kumwachia bibi. Nikasoma kwamba kuna mahali baba yangu bado yuko hai, amenuna tu na magoti yanamuuma, nikataka akae hapo kidogo. Siku sita nzima. Nisamehe.

Sasa basi. Ukiipata hii usivue hata viatu, nenda. Siku ile ya ugomvi baba alinipigia simu akicheka mpaka akakohoa. Alisema, "Pavlina, leo nimegombana na Baba Sultani, nimejisikia kijana. Kifua kikiacha kunibana nampelekea bia, yule mpumbavu wangu." Hayo si ya kutunga. Ni yake mwenyewe. Mpelekee mzee wa watu.

Ukilia mbele yake, lia tu.

Mama yako mdogo,
Pavlina

Plovdiv, 17 Oktoba

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama ana mafua. Mimi sijui niseme niko vipi.

Barua yako ilifika Alhamisi. Sikuvua viatu. Nilikimbia na Baruti mpaka ng'ambo ya reli, nikiyasema maneno ya babu kwa sauti ili nisiyakosee. Benchini alikuwepo Mama Lili peke yake, yule wa kimbwa cheupe.

"Unamtafuta Baba Sultani? Kachukuliwa Jumanne. Binti yake kaja na gari kutoka Varna. Macho yamekwisha, hawezi tena kuishi peke yake."

"Na Sultani?"

"Binti anakaa ghorofa ya nane, ana watoto wadogo. Sultani kapelekwa banda la mbwa wasio na wenyewe. Mbwa wa miaka kumi na moja, nani atamtaka?" Akafuta pua. "Mzee alisimama pale getini tangu saa moja asubuhi, binti anampigia honi, yeye anamngoja Baba Baruti. Kasema, 'Mwambieni nimeelewa. Sitamsumbua tena.' Hivi babu yako ana moyo gani, wewe mtoto?"

Nikasema, "Babu amefariki."

"Lini?"

"Tarehe mbili Septemba."

Mama Lili hakunitukana, afadhali angenitukana. Alimwita Lili, akamfunga kamba, akaondoka.

Jumanne hiyo nilikuwa kitandani. Jumapili tulifanya ibada ya siku arobaini, na baada ya hapo sikuweza kumtazama Baba Sultani usoni. Nikamwambia mama naumwa tumbo. Siku tatu sikwenda.

Nimemuuliza kila mtu uwanjani jina lake halisi. Wote wanasema ni Baba Sultani. Jana nilikwenda bandani. Wakasema majina ya wenye mbwa hawatoi. Sultani yupo. Alinijua, akainuka, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja, kisha akalala tena. Siwezi hata kumchukua, atamuua Baruti.

Maneno ya babu ninayo, na hakuna wa kumpa.

Mama anaamini kila aliyempenda babu alipata habari. Mwache aamini hivyo. Hata siku mkigombana kwenye simu, hata nikija kukukosea, nakuomba hili usimwambie, wala usimwambie mtu mwingine.

Mwanao,
Zornitsa