Usitie Sahihi Jumatatu

Nakuru,
Alhamisi, 8 Novemba 1973

Kwako mwalimu mwenzangu na ndugu yangu Kosgei,

Nakusalimu wewe, namsalimu Jepkoech, na mtoto wenu pia ingawa bado hajui salamu ni kitu gani. Baridi ya Elburgon mnaivumilia vipi? Kile kikohozi cha Jepkoech kimepoa? Mimi huku Nakuru mwili hauna neno. Nakula, naamka, nafundisha. Lakini tangu juzi sina raha, na utaona hata mwandiko wangu, ambao wewe huusifu kuliko unavyostahili, leo umekwenda upande.

Barua hii nimempa dereva wa lori la mbao la Bwana Pritam anayerudi huko leo jioni, na nimemwomba asiiache kwa mtu yeyote ila akutie mkononi. Najua umejipanga kuja Jumatatu tutie sahihi mkataba pamoja kwa Bwana Micah. Najua pia kwamba barua yako ya kuacha kazi umeshaiandika na unangoja tu kumpa mwalimu mkuu. Tafadhali usimpe bado. Soma kwanza hadi mwisho, hata ukikasirika katikati. Na unisamehe nikirudia mambo unayoyajua. Nayarudia kwa sababu leo nataka kuyasema yalivyokuwa, si jinsi nilivyozoea kuyasimulia.

Tangu tulipokuwa chuo cha ualimu tuliahidiana kwamba siku moja tutafundisha Kiingereza nje ya nchi. Mwezi wa nane, tuliposikia kuna nafasi Zambia, wewe ulisema twende kwa mawakala wote wawili walioko mjini kabla ya kuamua. Mimi nilitaka mmoja tu. Nilikuwa nimemsikia Bwana Micah akizungumza kanisani, na siku hiyohiyo nikawa mtu wake. Kiingereza chake nilikisikiliza jinsi watu wengine wanavyosikiliza kwaya. Sikujali alikuwa akisema nini.

Ofisi yake ile juu ya duka la vitambaa nayo ilinimaliza. Viti vya ngozi, tai ya hariri, na jinsi alivyotuita waungwana. Hakutuuliza hata swali moja la kazi, alitusifu tu. Wewe ulipomwuliza shule yenyewe inaitwaje, alisema hayo hutajwa mtu akishafika. Ulipoomba twende na mkataba nyumbani tukausome, alicheka, akasema si desturi ya wasomi kuogopa karatasi. Nami nikacheka pamoja naye. Tulipokuwa tukishuka ngazi nilikwambia umemhoji mzee wa watu kama anayenunua mbuzi sokoni.

Halafu tukaenda kwa Bwana Gopal, yule mwenye duka la vitabu na daftari. Shemeji yake Navin ni msimamizi wa shule mbili kule Ndola, Zambia, na walimu wake hutafutiwa na Gopal. Nilikaa pale nikisahihisha Kiingereza chake kichwani, sentensi baada ya sentensi. Lakini yeye ndiye aliyetutajia jina la shule na idadi ya watoto katika kila darasa. Akatuambia nyumba ya mwalimu ni ya vyumba viwili na paa lake linavuja upande wa jikoni, wameahidi kulirekebisha lakini yeye hawezi kuapa kwamba watalirekebisha. Mkataba alitupa twende nao. Akaandika na anwani za walimu wawili aliowapeleka mwaka juzi, ili tuwaulize wenyewe bila yeye kujua. Mimi nikaona mtu anayekwambia paa linavuja kabla hujaliona hajui biashara.

Na lile jaribio lake. Alipokwisha kuangalia vyeti vyetu alivirudisha, akasema, "Cheti nimeona. Sasa fundisha mama yangu nusu saa." Mama yake, ambaye pale dukani wote humwita Ba, alikuwa nyuma ya duka akimenya vitunguu, zaidi ya miaka sabini, hana neno la Kiingereza wala haja nalo. Mimi nilitangulia. Nilisimama wima, nikashika chaki, nikaanza na nyakati za vitenzi, zilizopita na zijazo, kwa sauti ile ninayoitumia mkaguzi akiwapo. Ba aliendelea na vitunguu vyake. Mwishowe akaniletea chai, nadhani kwa kunihurumia.

Wewe ulivuta kigoda, ukaomba kisu, ukamenya naye. Ulimwuliza kila kitu kinaitwaje kwa Kigujarati, ukakosea, akacheka, akakusahihisha. Kisha ukamgeuzia, naye akawa anajaribu na wewe unacheka. Nusu saa ilipoisha, yule mama alimwagiza mwanawe kwa Kiingereza amletee maji. Bwana Gopal aliinuka akayaleta mwenyewe, na uso wake nilivyouona siku hiyo sitausahau. Njiani nilikwambia ule ulikuwa mchezo wa chekechea.

Sasa nikupe habari ya juzi. Jumanne nilipokuwa Lanet nilimkuta Mugure, yule binti aliyefundisha nami hapa kabla ya kupelekwa nje na Bwana Micah mwezi wa pili. Unakumbuka jinsi nilivyokuwa nikimtaja kama mfano. Nilipomwona sikumtambua upesi, alivyokonda. Alinieleza kwamba hakuona shule hata siku moja. Alipelekwa nyumbani kwa tajiri, katika nchi ambayo hata haikuwa ile iliyotajwa ofisini, akawafundisha watoto watatu asubuhi, na saa zilizobaki alipika na kufua. Pasipoti na vyeti vyake vilichukuliwa siku aliyofika. Nilimwuliza kwa nini hakuandika kutuonya, akasema barua zake zilisomwa kabla ya kutumwa. Watawa wa misheni ya jirani ndio waliomsaidia kurudi. Vyeti hana mpaka leo, kwa hiyo hata hapa hakuna shule inayomchukua. Alipokwenda kumlalamikia Bwana Micah, alimpokea kwa kile Kiingereza chake kitamu, akamkumbusha kwamba alitia sahihi kwa hiari yake. Na ni kweli, alitia.

Mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimeshampelekea Bwana Micah vyeti vyangu. Jana nimeketi mlangoni pake kutwa nzima hadi akachoka kuniona akanirudishia. Vyako bado unavyo mwenyewe. Vishike, na usimpe.

Ningeweza kuishia hapa, Kosgei. Ningekuwa nimekuonya, nawe ungenishukuru na kumwambia Jepkoech kwamba Waithaka ni rafiki wa kweli. Barua ya namna hiyo niliiandika jana, nikaitia na sahihi. Nimeichana, kwa sababu si Bwana Micah aliyekuvuta kwake. Ni mimi niliyekusukuma.

Bwana Gopal hakutukataa sote wawili, kama nilivyokwambia. Alinikataa mimi.

Aliniita dukani mwezi wa tisa, akaniambia taratibu kabisa kwamba Kiingereza ninakijua, lakini kwa ile nusu saa sikumtazama mama yake usoni hata mara moja. Kisha akanipa bahasha yako, kwa kuwa nilimwambia Jumamosi nitakuwa Elburgon. Mle ndani mlikuwa na nafasi yako, jina la shule, nyumba, na tarehe ya kuanza mwezi wa kwanza. Niliifungua njiani. Niliisoma mara mbili, na kabla sijafika kwenu nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikwambia yule Mhindi ametukataa. Nikaongeza kwamba wale huchukuana wenyewe kwa wenyewe, jambo nililojua ni uongo wakati ulimi unalitoa. Jepkoech alinimiminia maziwa ya mursik, nikanywa.

Wewe ulinishika bega, ukasema, "Afadhali imekuwa sote. Wangenichukua peke yangu, ningeona aibu kukuambia."

Maneno hayo nimelala nayo miezi miwili. Sikutaka uumie, hilo naomba uliamini ukiweza. Nilikuwa na wivu tu, wivu mbaya wa mtu aliyedhani yeye ndiye mwerevu kati ya wawili. Sikustahimili kukuona ukiondoka nami nikibaki hapa. Nikaona afadhali twende wote kwa Bwana Micah, mahali ambapo mimi ndiye ninayesifiwa. Kama nisingekutana na Mugure, Jumatatu ningekushika mkono mwenyewe kukupandisha zile ngazi.

Jana jioni nilikwenda kwa Bwana Gopal nikamweleza yote. Kumbe alikuwa bado anakungoja, maana kila aliponiuliza nilimwambia unafikiria. Sikutukanwa. Aliuliza tu, "Yeye bado nataka kazi?" Nikasema najua unaitaka. Akasema, "Jumamosi saa sita napiga simu kwa Navin. Yeye kuja mwenyewe. Sasa hapana tuma mtu."

Bahasha yako iko humu pamoja na barua hii. Ule mpasuko juu ni wangu. Njoo nayo Jumamosi asubuhi, usichelewe kupita saa sita. Mimi sitakuja kukupokea. Nataka uingie pale bila ya mimi kando yako, usikie habari yako kwa mdomo wa mwenye nayo. Ukishamaliza, ukiona unaweza kupita chumbani kwangu, nitakuwepo kutwa. Usipopita sitakuuliza kwa nini, wala sitawaambia watu kwamba umenikosea.

Wasalimie wazazi wako na walimu wote wa hapo. Mtoto mshikie mkono kwa niaba yangu. Na Jepkoech, tafadhali, msomee barua hii yote, usiruke hata mstari, kabla hajakutuma unisalimie.

Ni mimi,
Hiram Waithaka