Njoroge Hana Kaburi

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Elburgon, kwenye meza uliyoiunda kwa mabaki ya mbao za kiwandani. Mama yuko nje anachambua maharagwe. Ameniambia nikueleze yote, hata yale ya aibu yangu.

Ninakukumbuka kabla ya vita. Ulikuwa ukirudi kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi, umekuwa mweupe kama mzee wa miaka mia, nasi tunakucheka. Jumamosi ulitupeleka kiwandani, mimi na kaka yangu Njoroge, tukuone ukipanga mbao. Kila ubao mzito uliushika na jirani yetu, Mzee Kiprono, wewe mwisho huu, yeye mwisho ule. Ninyi hamkuwa kabila moja, na hakuna aliyetuambia sisi watoto kwamba hilo ni neno.

Halafu kura zikahesabiwa, nyumba zikaanza kuchomwa. Njoroge alikuwa amepeleka lori la mbao Njoro. Ulimpigia simu ukamwambia abaki hukohuko. Akasema, "Baba, niko karibu kufika." Lori tulilikuta limeungua kando ya barabara ya msituni. Yeye hatukumpata, hata kiatu. Watu wakanong'ona kwamba kijana wa Mzee Kiprono alionekana kwenye kizuizi cha vijana pale barabarani, ana panga. Ulisikia. Nami nilisikia.

Miezi michache baadaye ukaitwa kwenye ule mkutano wa amani wa Nakuru. Waheshimiwa waliokuwa wakituchochea sasa walikaa hema moja, maji ya chupa mbele yao, wakisema taifa ni moja. Walitaka wazee wawili washikane mikono mbele ya kamera, mmoja wa huku, mmoja wa kule. Wakakuchagua wewe na Mzee Kiprono. Nilikuvuta koti.

"Baba, usikubali. Kwanza aseme Njoroge yuko wapi."

Ulinijibu bila kunitazama. "Wambui, tukianza kuulizana hapa, watu watachinjana tena kabla ya jioni."

Ukapanda jukwaani. Kesho yake gazeti lilikuwa na picha yenu, mmeinamiana hadi vichwa vinakaribia kugusana, watu wakasema mlikuwa mnalia. Nami nikakuambia, "Umemuuza Njoroge kwa makofi." Ulitoka ukaenda kufunga ng'ombe.

Nikahamia Karagita, kwenye mashamba makubwa ya maua, nikapata kazi ya kufunga maua, nikapanga chumba kimoja. Ulipougua Mama alinipigia simu, nikamwambia maua ni mengi, wamekataa kunipa ruhusa. Haikuwa kweli, Baba. Sikuomba ruhusa. Nilikuja kukuzika tu.

Mwezi uliopita kulikuwa na mkutano mwingine Nakuru, eti wa kuunganisha taifa. Waheshimiwa walibishana asubuhi nzima. Mmoja alitaka ukweli wa yale mauaji usomwe hadharani, jina kwa jina. Mwingine akasema hayo majina yatawasha moto upya, na uchaguzi uko karibu. Sisi tuliopoteza watu wetu tulipewa nafasi moja ya kuongea, na wenzangu wa Karagita wakanisukuma mbele. Kabla sijafika kwenye maikrofoni, mheshimiwa mmoja akahitimisha, "Wananchi, tusifukue makaburi." Ukumbi ukapiga makofi.

Nikasema, "Mheshimiwa, ndugu yangu hana kaburi. Nifukue nini?"

Mwenyekiti akaniambia muda wangu umeisha.

Nilikuwa nimesimama nje ya geti, Mzee Kiprono aliponifuata. Siku hizi anatembea na fimbo.

"Wewe ni Wambui wa Baba Njoroge."

"Ndiyo, mzee."

"Unajua baba yako aliniambia nini siku ile tukishikana mkono?"

Nikasema sijui.

"Aliniuliza kwa sikio, 'Mtoto wangu yuko wapi?' Na mkono hakuachilia. Mimi nikanyamaza. Akakuja kwangu mara tatu tena. Nikaambia watu wa nyumba waseme siko."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Kijana wangu aliniambia wiki ileile, hata mahali walimfukia. Ningesema, wangemchukua. Sasa amekufa, mwaka jana. Sina mtu wa kuficha tena."

Sikumwambia nimemsamehe, na yeye hakuniomba. Nilimwambia tu, "Twende unionyeshe."

Tulienda siku tatu baadaye, mimi, yeye na naibu wa chifu. Ni ndani ya msitu, juu ya kijito, pale malori ya magogo yalikuwa yakigeuzia. Miti ya zamani ilikatwa, ikapandwa misonobari, na sasa ni mirefu kuliko kanisa. Mzee Kiprono alizunguka mti huu na ule, akarudi, akazunguka tena. Mwishowe akagusa ardhi kwa fimbo. "Ni hapa, ama hapo karibu. Hii miti haikuwa." Akakaa chini, akashindwa kuinuka. Naibu wa chifu alikuwa amepanda juu kutafuta network. Sikutaka kumgusa yule mzee, Baba. Nilimshika kwapani nikamwinua, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

Polisi wanasema hatuwezi kuchimba bila amri ya korti. Maofisa wa msitu wanasema miti ni ya serikali. Na msaidizi wa mheshimiwa mmoja amenipigia simu, anataka mimi na Mzee Kiprono tusimame pamoja kwenye mkutano wao ujao. Nilimkatia simu.

Siku ile ulipomshika mkono jukwaani nilikuwa hatua kumi kutoka kwako na sikuona ulichokuwa unafanya. Miaka yote niliyokuita mwoga, ulikuwa unauliza peke yako, unafungiwa mlango, unarudi nyumbani bila kusema. Kwa nini hukuniambia? Labda ulijua ningeenda na panga. Labda ulikuwa sawa. Nisamehe, Baba.

Nilipomweleza Mama hakulia. Aliuliza kama mahali penyewe panatuama maji, kwa sababu Njoroge tangu utotoni hakuweza kulala akiwa amelowa. Nikamwambia ni mteremko, maji yanapita. Ukweli ni kwamba sijui. Tulienda wakati wa kiangazi. Mvua ikianza nitarudi kuangalia.

Pumzika, Baba. Ya huku niachie.

Ni mimi, mtoto wako aliyebaki.