Jina Nililoilisha Mashine

Dar es Salaam,
11 Juni 1989

Mzee Kagaruki, mkuu wa ukoo wetu, baba zangu wadogo, shangazi zangu, mama yangu Bernadina, nanyi ndugu mliokusanyika Kimwani: nawaamkia kwa heshima, waitu. Natumaini homa ya mama imepoa na migomba imepata mvua. Mimi mwili ni mzima. Naomba barua hii isomwe kwa sauti, na Kokwijuka, mjane wa kaka yangu Byabato, awepo.

Wakati wa Pasaka niliwaeleza kwamba tunafundishwa kompyuta yenye akili bandia. Shangazi Immakulata aliuliza kama nayo huposwa, mkacheka. Niliposema kwamba huuliza maswali na kutoa uamuzi kama daktari, kicheko kilikoma. Mkanitaka niiulize ni nani aliyemloga Byabato. Nilikataa, mkasema shule imenisahaulisha marehemu. Baada ya wiki tatu nikawatumia karatasi iliyopigwa chapa, yenye jina la Kokwijuka. Sasa nasikia mmempa hadi Jumapili awe amehama kibanja, nyumba na shamba la migomba alivyoachiwa na mumewe.

Nisikilizeni kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Mashine ile haikumwona Byabato, wala haijui uchawi. Mtu huiandikia kanuni: ikiwa hivi, basi vile. Kisha huilisha habari, nayo huzifuata kanuni hizo kama maji yafuatavyo mfereji. Aliyechimba mfereji anajua maji yatatokea wapi.

Mchimbaji nilikuwa mimi. Niliiandikia kwamba mchawi ni yule aliyempikia marehemu na kugombana naye. Kisha nikaiwekea mtu mmoja tu, yule mliyekuwa mkinong'ona jina lake. Isingeweza kumtaja mwingine.

Tena nilikuwa najua. Alipolazwa Bukoba, Byabato aliniambia kwamba damu yake imepimwa na kukutwa na ugonjwa huu unaotumalizia watu. Akaniapisha nisiseme. Nikitunza kiapo, mkewe anafukuzwa. Nikikivunja, namvua kaka yangu nguo kaburini. Siku nyingi nimetafuta mlango wa tatu, sikuuona.

Nimekivunja. Byabato anisamehe.

Mama, usilie mbele ya watu; nisalimie watoto wote. Na wewe Mzee Kagaruki, ichome karatasi ile leo. Kokwijuka abaki kibanjani na wanawe, na kila mmoja wenu amwombe radhi kabla hamjatawanyika.

Mwanenu mkosaji,
Apolinary